Mara Ngapi? Vielezi vya Marudio katika Kiingereza cha Maandishi

Katika vitabu vya kufundishia Kiingereza lipo somo moja ambalo hupewa ukurasa mmoja, kisha likaachwa. Ni somo la maneno "always", "usually", "often", "sometimes", "seldom" na "never", yaani maneno yaelezayo kwamba jambo hutukia mara ngapi. Katika makala haya nitayaita vielezi vya marudio. Ukurasa huo kwa kawaida una mambo mawili. La kwanza ni ngazi ya hesabu, ambayo "always" hukaa juu penye mia kwa mia, na "never" hukaa chini penye sifuri. La pili ni kanuni ya mahali, isemayo kwamba kielezi hutangulia kitenzi kikuu, lakini hufuata kitenzi "to be". Mwanafunzi akisha kuyakariri hayo mawili huhesabiwa kuwa amehitimu.

Nia yangu ni kuupinga ukurasa huo. Kanuni yake ya mahali ni sahihi, ila hutolewa pasipo sababu, na kanuni isiyo na sababu haikai moyoni. Ngazi yake ya hesabu haina usahihi wa kutegemewa. Zaidi ya hayo, ukurasa huo humficha mwanafunzi jambo lililo kubwa kuliko yote mawili: kwamba kielezi cha marudio ni neno la ushahidi. Mwandishi alitumiapo hutoa kauli moja juu ya mambo mengi, mengine ameyaona na mengine hakuyaona, na msomaji ana haki ya kumwuliza ni mangapi. Kosa la kielezi, basi, si kosa la sarufi tu. Pengine ni uongo uliosemwa bila kukusudiwa.

Tuanze na mahali. Harold Palmer na A. S. Hornby, Waingereza wawili waliofundisha lugha yao huko Japani kabla ya Vita Kuu ya Pili, walilitenga fungu dogo la maumbo ya vitenzi yenye tabia ya peke yake. Waliyahesabu 24: "am", "is", "are", "was", "were", "have", "has", "had", "do", "does", "did", "shall", "should", "will", "would", "can", "could", "may", "might", "must", "ought", "need", "dare" na "used". Tabia yao ni kwamba hukanushwa kwa kuongezewa "not" tu, na hugeuzwa swali kwa kutangulizwa mbele ya kiima. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya mifano na matumizi ya Kiingereza, Hornby alizieleza nafasi tatu za kielezi, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Na nafasi ya kati, ambayo ndiyo makao ya kawaida ya vielezi vya marudio, aliieleza kwa kulitegemea fungu hilo.

Mwanafunzi akilijua fungu hilo ataona kwamba "to be" si mkaidi wa pekee. Atazame sentensi hizi: "The ferry is often late", "The ferry has often been late", "The ferry can often be late", "The ferry often arrives late". Sasa aliondoe "often" na kuweka "not": "The ferry is not late", "The ferry has not been late", "The ferry cannot be late". Kielezi kimekalia kiti kile kile cha neno la kukanusha. Katika sentensi ya nne hapana kitenzi cha fungu lile cha kukibeba, kwa hiyo kielezi husimama chenyewe mbele ya kitenzi kikuu, mahali ambapo "does not" ingesimama. Hii ndiyo sababu isiyotajwa. "Not" hukata kauli yote. "Often" huipima kauli hiyo hiyo. Na lugha imeyapa makao mamoja kwa kuwa yana kazi ya ukoo mmoja, nayo ni kusema kauli ina ukweli kiasi gani.

Sababu hiyo huondoa pia hofu mbili za waandishi wetu. Wapo waogopao kulitia neno baina ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, wakaandika "The matter often has been discussed" kwa kudhani ndio uandishi wa adabu. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1926, aliikemea hofu ya namna hiyo. "The matter has often been discussed" ndiyo njia ya kawaida. Wapo nao washangaao kusikia "It always is" au "She never does" katika majibu mafupi, wakidhani kanuni imevunjwa. Haikuvunjwa. Kitenzi kisaidizi kikibaki peke yake mwishoni, au sauti ikikikazia kwa nguvu, kielezi hukitangulia. Na kwa kuwa karatasi haina sauti, mwandishi aandikaye "He always is late" ajue kwamba msomaji atasikia ugomvi: mtu amebisha, naye anabishiwa. Kama hakuna ubishi, aandike "He is always late".

Sasa tutazame lugha yetu wenyewe, kwani ndiko yanakotoka makosa mengi ya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki. Katika Kiswahili marudio yaweza kukaa ndani ya kitenzi. Twasema "mvuvi huamka alfajiri", na silabi moja "hu" yatosha. Silabi hiyo haichukui kiambishi cha nafsi wala cha wakati: mimi huamka, wewe huamka, wao huamka. Kiingereza hakina silabi ya namna hiyo. Husema "The fisherman wakes at dawn", na desturi yajulikana kwa wakati uliopo peke yake. Mwanafunzi mwenye "hu" kichwani huona kwamba kuna kitu kimepotea katika tafsiri, naye hukitafuta. Akikuta "usually" au "always", hulitia katika kila sentensi, hata insha ikawa kama ngoma yenye mdundo mmoja. Na akiwa amezoea kusema "huwa naenda sokoni", huandika "I am usually go to the market", kwa kuwa "huwa" ni mtoto wa "kuwa", na "kuwa" kwake ni "am". Mwalimu hupiga mstari mwekundu, na ni haki yake. Lakini kosa lenyewe lina mantiki, na anayeielewa mantiki hiyo huweza kulitibu mara moja badala ya kulisahihisha miaka minne.

Silabi yetu ina upungufu mmoja mkubwa: haikanushiki. Kinyume cha "huamka" ni "haamki", na "haamki" ni kanusho lile lile la "anaamka". Kwa hiyo tofauti iliyo wazi katika kukubali hupotea katika kukataa. Hapo ndipo msemaji wa Kiswahili hujikwaa anapoandika Kiingereza, kwa sababu katika Kiingereza ndiyo pahali pa hatari kuliko pote. Linganisha sentensi mbili: "The clerk often does not answer letters" na "The clerk does not often answer letters". Ya kwanza yasema kwamba mara za kutojibu ni nyingi. Lakini yaweza kuwa mara za kujibu ni nyingi vile vile, kwa kuwa barua zenyewe ni maelfu. Ya pili yasema kwamba mara za kujibu ni chache. Karani wa sentensi ya kwanza ni mzembe kwa sehemu. Wa pili amekaribia kuacha kazi yake. Kilichobadilika ni mpangilio tu: katika ya kwanza "often" limetangulia "not" na kulitawala, katika ya pili limetawaliwa.

Vivyo hivyo, "The judge does not always believe the witness" ni sifa ya hakimu mwenye kupima, maana mara nyingine huamini na mara nyingine haamini. Lakini mwanafunzi aandikaye "The judge always does not believe the witness" amemfanya hakimu kuwa adui wa mashahidi wote. Huenda katika moyo wake alitaka kusema lile la kwanza, kwa kuwa katika Kiswahili alifikiri "hakimu haamini shahidi siku zote", sentensi ambayo kwa Kiswahili yaweza kubeba maana zote mbili mpaka sauti iamue. Wala isidhaniwe kwamba lugha yetu haina chombo cha kuzitenga. Tunacho, nacho ni "si" ya kutangulia: "si siku zote hakimu humwamini shahidi", "si mara nyingi karani hujibu barua". Hapo kanusho limeshika kielezi chenyewe, na kitenzi kimebaki katika hali ya kukubali, hata "hu" ikapata nafasi yake tena. Mwanafunzi akizoeshwa kutunga kwanza sentensi ya "si mara nyingi" na sentensi ya "mara nyingi ha-", kisha akazifasiri zote mbili, hatapotea.

Lililo karibu na hilo ni neno "never". Wengi hulifasiri "kamwe", na fasiri hiyo huzaa "I will not never forget". Sababu ni kwamba "kamwe", "katu" na "abadani" kwa kawaida hudai kitenzi kilichokwisha kanushwa: "sitasahau kamwe". Neno la Kiingereza lina kanusho tumboni mwake, kwani asili yake ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyoungana, "ne" lenye kukanusha, na lile lililozaa "ever" ya leo. Kwa kweli ndugu wa "kamwe" ni "ever", wala si "never". Ni vema ikumbukwe pia kwamba kurudia makanusho hakukuwa aibu kwa Waingereza wa kale; katika karne ya 14 Chaucer aliyarundika pasipo haya. Wanasarufi wa karne ya 18 ndio walioshikilia kwamba makanusho mawili hufutana kama katika hesabu, na Kiingereza sanifu cha maandishi kimeifuata hukumu hiyo, ingawa lahaja nyingi za Uingereza na Marekani hazikuifuata mpaka leo. Basi mwanafunzi wetu hakosi kwa upungufu wa akili. Amekosa kwa kushika desturi ambayo maandishi rasmi yameikataa.

Neno hilo na wenzake, "seldom" na "rarely", yana tabia nyingine. Yakitangulizwa mwanzoni mwa sentensi, huvuta kitenzi kisaidizi mbele ya kiima: "Seldom does the court sit on Friday", "Never have I seen such a flood". Kusema "Never I have seen" ni kosa. Sentensi za namna hii zina fahari ya mimbari, nazo zikijaa katika ukurasa mmoja humchosha msomaji. Moja yatosha, kama inahitajika. "Always", kwa upande wake, haitangulii sentensi ya kawaida ya kueleza, bali hutangulia amri: "Always read the question twice". Na marudio yaliyohesabiwa hasa, kama "twice a week" na "every day", hukaa zaidi mwishoni. Hapo pana mtego wa tahajia: "every day" maneno mawili ni kila siku, "everyday" neno moja ni kivumishi cha kitu cha kawaida. Tena "sometimes" neno moja ni mara nyingine, na "some times" maneno mawili ni nyakati fulani.

Nimetaja kwamba karatasi haina sauti. Ubaya wa upungufu huo huonekana zaidi katika sentensi kama hii: "Pupils who read often write well". Je, ni wanafunzi wasomao mara nyingi ndio waandikao vizuri, au ni wanafunzi wasomao ndio waandikao vizuri mara nyingi? Neno limekaa njia panda na kutazama kote kuwili. Msemaji hutua kidogo, na kutua huko kukaamua. Mwandishi hana kutua. Wala isisemwe kwamba ni ila ya Kiingereza peke yake, maana "wanafunzi wasomao mara nyingi huandika vizuri" ina nyuso mbili zile zile. Dawa ni kukihamisha kielezi mpaka kiwe na jirani mmoja tu: "Pupils who often read write well", au "Pupils who read will often write well".

Nageukia ngazi ya hesabu. Kitabu kimoja huiweka "usually" penye 90 kwa mia, kingine penye 80. "Often" nayo hupanda na kushuka apendavyo mtungaji. Kutolingana huku si ajali, maana maneno haya hayakuumbwa kwa kipimo hicho. Mtu augoaye mara kumi kwa mwaka, Mwingereza husema "He is often ill". Mtu alaye chakula cha jioni mara kumi kwa mwaka, hakuna awezaye kusema "He often eats supper". Idadi ni moja, lakini neno lafaa pamoja na halifai pamoja. "Often" hupima jambo kwa kulilinganisha na yale yatarajiwayo kwa jambo la namna hiyo. Haikati mia kwa mafungu. Vivyo hivyo mtu akiandika "Earthquakes often occur in Japan" hasemi kwamba siku 70 katika kila siku mia ardhi hutetemeka. Ngazi hii humzoesha mwanafunzi kudhani kwamba ametoa hesabu, hali ametoa rai.

Liko na la ndani zaidi. Mwanafalsafa wa Marekani David Lewis, katika makala yake ya mwaka 1975, alionyesha kwamba vielezi hivi mara nyingi havihesabu nyakati. Huhesabu hali au mifano ya jambo. Tuseme "Poets are often poor". Sentensi hiyo haina maana kwamba kila mshairi hufilisika mara kwa mara na kutajirika tena. Maana yake ni kwamba washairi wengi ni maskini. Walihesabiwa watu, si nyakati. Tena "A triangle always has three corners" haihusiani na saa wala siku. Mfasiri aandikaye "pembetatu siku zote ina pembe tatu" amelifanya umbo la hesabu kana kwamba huenda kesho likaota ya nne. "Kila pembetatu ina pembe tatu" ndiyo tafsiri. Maneno yetu mengi ya marudio yamejengwa kwa majina ya wakati, "mara", "siku", "wakati". "Always" ilijengwa kwa neno la njia, yaani njia yote. Lakini "aghalabu", tuliyoipata kwa Waarabu, asili yake ni wingi wa kushinda, nayo yafaa kwa watu na nyakati sawasawa: "washairi aghalabu ni maskini". Mwandishi anayejiuliza "nahesabu nini hapa?" atachagua neno kwa busara kuliko anayetazama ngazi.

Pengine neno halihesabu kitu chochote, bali hulalamika. "My neighbour is always borrowing my hoe" haithibitishwi wala haikanushwi kwa kuhesabu siku za jembe. Kitenzi cha "-ing" pamoja na "always" hutoa uchungu wa msemaji, kama sisi tusemavyo "jirani yangu kutwa kucha anaazima jembe langu". Katika hadithi ni pambo zuri. Katika tasnifu ni sumu. Mwanachuoni aandikaye "Critics are always saying that" amekwisha kutuambia kwamba amekasirika, na bado hajatuambia nani alisema, wapi, na lini.

Hayo yanatuleta kwenye jambo lenye uzito kuliko yote. Kauli nzito kuliko zote za marudio ni ile isiyo na kielezi. Tubuni mfano: "The man of the coast distrusts the stranger". Hapana "always" hapo, wala "often". Wakati uliopo peke yake umewahukumu watu wa pwani wote, wa jana na wa kesho. Mtindo huu ulikuwa wa kawaida katika vitabu vya wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19, na nguvu yake ilitokana na kutokuwa na neno la kukamatwa. Msomaji huweza kumdai shahidi mwenye kusema "always"; aliyenyamaza amedai kupita huyo, na hadaiwi. Sisi tusomao vitabu hivyo yatupasa tukitie wenyewe kielezi kilichokosekana, tukiuliza: wangapi, mara ngapi, na nani aliona?

Lakini haki hiyo ya kuuliza ina deni. Mwanafunzi wa fasihi aandikapo kwa Kiingereza, "Shaaban Robert's characters are always virtuous", ameanguka katika kosa lile lile, hata kama amesifu. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, yumo Majivuno, waziri amshitakiye Karama. Katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, wamo Hasidi na Mansuri, nao si watu wema. Mmoja tu angetosha kuivunja "always". Hapa ni watatu katika vitabu viwili. Lakini akiandika, "Shaaban Robert often names his characters after their qualities", Karama, Majivuno, Adili na Hasidi watasimama wote kumshuhudia. Sentensi ya pili ni dogo kwa madai, na ndiyo yenye elimu, kwa kuwa yatufungulia swali la kufaa kuuliza: kwa nini mtunzi alipenda kutangaza tabia ya mtu katika jina lake?

Kwa hiyo naona yafaa somo hili litolewe katika ukurasa wake mmoja, likafundishwe pamoja na uhakiki. Mwanafunzi apewe sentensi na kuulizwa maswali matatu kwa taratibu: kielezi hiki kinahesabu nini, kanusho likiwapo, lipi linatawala lingine, na mfano mmoja wa kinyume ukitokea, je, sentensi itasimama au itaanguka? Kanuni ya mahali itamjia yenyewe katika kujibu swali la pili. Ngazi ya hesabu haitahitajika katika lolote la hayo matatu.